Mawe Katika Friza ya Samaki

Kansanga, 2006

Jumatatu, 6 Machi

Mvua ya kwanza ya masika imenikuta kazini, kwenye ua wa kuchongea mawe, nimevaa viatu vyangu vya kanisani, kwa hiyo mwaka huu mimi na mvua tumeanza vibaya. Nitaandika jioni ninapoweza, maana kuna kazi imeingia ambayo nataka niikumbuke vizuri ikifanikiwa. Isipofanikiwa sitamwonyesha mtu.

Kazi yenyewe ni ya Injinia Otim. Anajenga nyumba ya kulala wapanda mlima, juu kabisa Rwenzori, mahali ambapo maji huganda kila usiku na kuyeyuka kila asubuhi. Ndani ya hifadhi haruhusiwi kuchimba jiwe, kwa hiyo anatafuta mawe ya kupandishwa na wapagazi migongoni. Nyumba itakuwa ya mbao, isipokuwa ukuta mmoja, ule wa upande wa upepo. Huo utakuwa wa mawe na ndio utakaobeba paa.

Mzee Oloo, bosi wangu, amechonga mawe Kampala tangu kabla sijazaliwa na hajawahi kuulizwa habari za barafu. Alinitazama. Nami, Loice Nerima, binti wa Busia upande wa Kenya, karani ambaye kazi yake ni kupokea simu na kuandika oda, nikafungua mdomo.

"Hili letu la rangi ya asali litafaa, Injinia. Ni gumu."

Sikuwa na hakika yoyote. Nilichojua ni kwamba jiwe la asali limejaa uani, linachongeka kama muhogo uliochemshwa, na tangu mwaka jana hakuna anayelitaka. Lile jeusi ndilo gumu, ila linakula patasi, na wachongaji hulikimbia.

"Madam Loice," Otim akasema, "gumu kwa jua ya Kampala ni kitu moja. Mimi nataka nione na baridi. Lakini si baridi inapasua jiwe. Ni maji. Inaingia ndani, usiku inaganda, inafura, inasukuma. Kama chupa ya soda ukiisahau ndani ya friza."

Basi mawe sita yatalowekwa mchana kutwa na kugandishwa usiku kucha, hivyo hivyo mpaka baada ya Pasaka. Yakibaki mazima atanunua. Mzee akauliza friza itatoka wapi. Mdomo wangu ukafunguka tena.

Jumanne, 7 Machi

Marie-Jeanne Bisimwa anakaanga samaki ng'ambo ya barabara, mkabala na uani kwetu. Alitoka Bukavu na mdogo wake wa kiume, Heritier, wakakimbia vita, na leo hakuna mtu Kansanga asiyejua samaki wake. Friza yake ni ndefu kama kitanda. Mimi na yeye tumekuwa marafiki tangu siku aliyonikopesha mwavuli na nikaurudisha, jambo ambalo anasema hapa mjini halijawahi kutokea.

"Mawe? Mu frigo? Ya kukula?"

Alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akakubali. Mimi hurudi nyumbani Kamwokya jioni mapema, kwa hiyo yeye ndiye atakayeyahamisha: mchana ndoo ya maji, usiku friza. Nilimweleza hivyo tu. Kwa nini, sikumweleza. Niliona ni maneno mengi bure.

Jumamosi, 11 Machi

Mvua. Umeme hakuna. Mgao umekuwa siku tunao, siku hatunao.

Jumatatu, 20 Machi

Nimepita saa saba kuyatazama mawe kwenye ndoo. Hata chembe haijatoka. Mzee Oloo ameanza kunisalimu yeye kwanza, na hajawahi.

Jumapili, 2 Aprili

Nimefanya jambo jema na nimejipenda siku nzima. Injinia anahitaji mwashi wa kupanda mlimani, kujenga ukuta, kisha kubaki kule kuitunza nyumba. Nikamtaja Heritier. Ni mwashi mzuri ila kazi hapa Kampala humponyoka kwa sababu ya karatasi zake za ukimbizi. Otim ameonana naye, wamekubaliana.

Marie-Jeanne alinikumbatia mbele ya wateja, mikono yake ina unga wa samaki mpaka kwenye kiwiko. "Dada yangu, Mungu akuone. Njo ndugu yangu anaenda kuwa mutu." Nguo imeharibika, na sikujali.

Jumamosi, 8 Aprili

Leo mvua ilinifungia kwa Marie-Jeanne mpaka jioni. Niliingia jikoni kuota moto nikayakuta mawe yangu yote sita yamepangwa kuizunguka sigiri kama watoto wanaongoja uji. Marie-Jeanne alikuwa amepiga magoti na kitambaa, anayapangusa moja baada ya lingine. Akiona kona bado ina unyevu anaigeuzia motoni. Likikauka analifunga kwenye kaveera safi, mfuko wa plastiki, na kulipeleka frizani.

Nikamuuliza anafanya nini.

"Minazikausha, dada. Tangu siku ya kwanza. Maji ya mawe ikiingia mu frigo inashikisha samaki pamoja, na batu batasema samaki ya Marie-Jeanne iko na mchanga. Sasa nazipangusa bien, zinakauka, njo nazilalisha." Akanionyesha kitambaa, kilikuwa kimetakata. "Siwezi kukufanyia kazi chafu."

Mwezi mzima mawe yale yamelala makavu. Baridi imeyapata, maji hayakuwemo. Otim alisema wazi, mimi nikiwa nimesimama palepale, kwamba kinachopasua ni maji.

Nilipaswa kusema. Nikasema, "Vizuri."

Jumatatu, 10 Aprili

Bado kuna nafasi ya kuanza upya. Ningemwambia Otim aongeze wiki, ningemweleza Marie-Jeanne, tungecheka. Nilikwenda hadi mlangoni kwa Mzee Oloo nikiwa na maneno tayari. Kabla sijayatoa akaniambia mteja wetu mwingine mkubwa ameghairi, na kwamba kazi ya mlimani isipotoka anafunga ua anarudi kwao Siaya. "Wewe Loice ndio umetushika sasa. Ikitoka, mimi nakufanya msimamizi. Wapende wasipende."

Msimamizi. Nimelitamka njia nzima kurudi nyumbani.

Halafu nikajiambia: huenda jiwe hata likilowa lisipasuke. Nani ajuaye?

Jumatano, 12 Aprili

Nimetaka kujua, kwa siri. Nimechukua kipande cha jiwe la asali, nimekitia kwenye kopo la mafuta lenye maji na mfuniko, na jioni kabla ya kuondoka nimelisukumia chini kabisa ya friza, chini ya samaki wa ngege. Marie-Jeanne akauliza ni nini. Nikamwambia ni mifupa ya kumlisha mbwa wa Mzee Oloo.

"Maskini mbwa," akasema, akanipishia nafasi.

Mzee Oloo hana mbwa.

Jumapili, 16 Aprili

Pasaka. Marie-Jeanne ameniletea samaki mzima nyumbani. Nimemla wote, mifupa nimewapa paka wa jirani.

Jumanne, 18 Aprili

Asubuhi naliweka kopo juani, jioni nalirudisha. Leo maji ya ndani yana rangi ya chai.

Jumamosi, 22 Aprili

Mvua kubwa. Injinia amepiga simu, barabara za magharibi zimeharibika, atakuja mwezi ujao. Nimepewa muda ambao sikuuomba na sijautumia.

Alhamisi, 27 Aprili

Nimefungua kopo nyuma ya choo cha uani. Nilikishika kile kipande kwa vidole viwili na kona yake ikabaki mkononi. Nikabonyeza kidogo, ubavu wote ukabanduka kama keki ya juzi. Chini ya kopo kulikuwa na mchanga wa njano wa kujaza kiganja.

Sasa siwezi tena kusema huenda. Jiwe hili likinywa maji na kuganda, halimalizi hata mwezi. Na huko juu, Otim anasema, mvua hainyamazi.

Nilimwaga kila kitu mtaroni na kulisuuza kopo. Mama yangu angeniambia mficha maradhi kifo humuumbua. Ningemjibu kwamba maradhi haya si yangu, ni ya ukuta. Ndivyo nilivyo, kujibu sishindwi.

Jumatano, 3 Mei

Amekuja. Nilitumaini yale sita yatakuwa na ufa hata mmoja ili jiwe liseme lenyewe na mimi nibaki msafi. Otim aliyagonga kwa nyundo ndogo, sikio karibu, na kila moja likalia kama kengele. Akanipa mkono.

"Madam Loice, mimi nilikuwa na wasiwasi na hii jiwe yako. Sasa nimeona na macho."

Marie-Jeanne alikuwa amesimama pembeni na aproni yake, anatabasamu kana kwamba wanafunzi wake wamefaulu mtihani. "Nilizitunza vizuri, Patron," akasema. Otim akamshukuru. Hapo ndipo angesema alivyoyatunza, na Otim angeelewa mara moja. Nilimshika mkono Marie-Jeanne nikamwambia samaki wanaungua.

Samaki hawakuwa wanaungua. Nimeandika hili ili nisije siku moja nikajidanganya kwamba nilinyamaza tu. Sikunyamaza tu. Nilimfunga mdomo.

Ijumaa, 5 Mei

Wachongaji wanaimba. Mzee amenipa meza yake ya zamani. Ina droo mbili na funguo.

Jumatatu, 8 Mei

Lori limeondoka na mawe, na Heritier amekaa juu ya mawe.

Kabla hajapanda, Marie-Jeanne alitaka tumwombee. Alimwekea mkono kichwani, na mimi akanishika mkono wangu akauweka juu ya wake. "Dada Loice, omba wewe. Ni wewe umemutafutia hii njia." Kijana akafumba macho. Ana miaka ishirini na sita na ananiita tantine, yaani shangazi, tangu nimfahamu.

Niliomba. Niliomba safari, niliomba afya, niliomba ukuta usimame. Watu wakasema amina kwa sauti. Mungu anisamehe, niliomba vizuri sana.

Jumatano, 10 Mei

Mvua.

Ijumaa, 12 Mei

Mvua. Wameanza kupanda, mawe migongoni. Najiambia watachoka, watayaacha njiani.

Jumatatu, 15 Mei

Nimemkaripia mchongaji mmoja kwa sababu ya kosa dogo hadi wenzake wakaacha kazi kunitazama. Zamani nilikuwa nawatania. Mzee Oloo anadhani ndio usimamizi umeniingia.

Sivuki tena barabara kununua samaki. Nakula maharage. Juzi Marie-Jeanne aliniuliza amenikosea nini, akaomba radhi bila kujua ya nini. Nilimwambia ni tumbo. Kesho yake akaniletea dawa ya mitishamba, chungu kuliko neno chungu, nami nikainywa yote mbele yake. Niliona nastahili.

Jumamosi, 20 Mei

Heritier amepiga simu. Jioni hupanda mgongo wa mlima kutafuta mtandao. Marie-Jeanne alivuka barabara mbio, simu mkononi, ili na mimi nisikie, akaweka sauti kubwa.

"Tantine! Ukuta imenifika mu kifua! Asubuhi maji ya sufuria inakuwa kioo, mbona unaweza kuikanyaga!" Alikuwa anahema kwa baridi na kwa furaha. Akasema yeye na wapagazi wamehamishia vitanda vyao kwenye ukuta kwa sababu unakinga upepo. Dari la muda la mbao wameshalilaza juu yake. "Iko tu mchanga kidogo ya njano, inaangukaka juu ya blanketi. Ni vumbi ya patasi. Itaisha."

Marie-Jeanne akacheka, akamwambia akung'ute blanketi lake, yeye ni mchafu tangu utoto.

Mchanga wa njano. Nimeushika ule mchanga kiganjani mwangu nyuma ya choo.

Jumapili, 21 Mei

Nimekwenda kanisani. Nimerudi. Sijui kilichohubiriwa.

Jumatatu, 22 Mei

Nimemwambia.

Nilivuka barabara wakati anatoa magamba. Nilimwambia mawe yalipaswa kulala yamelowa, kwamba maji ndiyo jaribio lenyewe, kwamba makavu hayakujaribiwa lolote, na kwamba ule mchanga si vumbi la patasi. Nilisema haraka, nikitazama kisu chake.

Alikitua kisu. "Kumbe ni miye. Ni kitambaa yangu."

"Hapana, Marie-Jeanne."

"Nilizipangusa, dada! Nilizipangusa na mikono yangu! Nitaua ndugu yangu na usafi?"

Hapo ningeweza kuachia. Alikuwa tayari kuubeba mzigo wote, hata alikuwa ameshauinua. Nikamwambia nilimwona. Nikamwambia tarehe nane Aprili, jikoni, mvua ikinyesha, nilimwona na nilielewa palepale. Nikamwambia na la kopo.

Hakulia. "Ile mifupa ya mbwa," akasema taratibu.

"Ndiyo."

Akapangusa mikono kwenye aproni, akachukua simu akapiga. Alipiga tena na tena mpaka jioni, saa ambayo Heritier hupanda kutafuta mtandao. Alipopatikana akamwambia, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Heritier, toa vitanda. Wewe na bale bengine, toka mu ile nyumba leo. Ile mawe ni mubaya. Ni miye nilikosea, nilizikausha. Njo sababu. Ni miye."

Nilinyoosha mkono niombe simu. Akanigeuzia bega. Alipokata akasema, "Akijua ni wewe, atakuchukia mpaka kufa. Akijua ni miye, nabaki dada yake tu. Wacha hivyo."

Nikamwambia si haki. Nilisema hivyo kwa mdomo. Moyoni nilishukuru.

Jumatano, 24 Mei

Nimekwenda ofisini kwa Otim, Mbuya, kueleza. Nikakuta Marie-Jeanne alishafika jana, kwa miguu, na kueleza kwa namna yake. Katika maelezo yake, yeye alipangusa mawe kwa ujinga, na Loice, mwanamke mwenye akili, ndiye aliyegundua na kumkimbilia kumwonya.

Otim alisimama kunipokea. "Nyabo Loice, wewe umeokoa watu. Ile ukuta tumeshusha. Jana, wakati wanatoa ile mbao ya juu, jiwe tatu zimevunjika katikati zenyewe, hapo ambapo kijana alikuwa anaweka kichwa." Akasema atachukua jiwe jeusi, na kazi ni yetu bado, kwa sababu mtu anayesema ukweli kabla ya ajali ni wa kufanya naye kazi.

Nilifungua mdomo, ule mdomo wangu hodari. Ukasema asante. Nikapokea mkono wake, nikarudi Kansanga.

Ijumaa, 26 Mei

Mzee Oloo amewaita wachongaji wote akawaambia wanipigie makofi. Wamepiga.

Jumanne, 30 Mei

Mvua zinapungua. Jiwe jeusi limeanza kuvunja patasi.

Jumapili, 4 Juni

Heritier ameshuka kwa muda, mpaka mawe mapya yawe tayari. Nilimkuta jioni kwa dada yake, sahani mapajani, anawasimulia wateja. Alikuwa amekonda na midomo imepasuka kwa baridi, lakini kipaji cha kusimulia hakijaguswa.

"Sikieni! Wanamupa mawe ya kujaribu, yeye anazipangusa kama sahani ya harusi! Anaziotesha moto! Anazifunika! Alibakisha tu kuzipigia pasi!"

Watu walivunjika mbavu. Mwendesha boda mmoja akauliza kama na mkaa wake huwa anauosha. Mwingine akasema ndiyo maana samaki zake hazina chumvi, amezisuuza mno. Marie-Jeanne alicheka nao, anageuza samaki kwenye mafuta, shingo imeinama. Heritier aliponiona akaruka kunikumbatia. "Na huyu! Huyu ni mama yangu ya pili! Bila huyu ningekuwa chini ya ile mawe!"

Sikuweza tena. Au niseme ilivyo: nilichoka.

"Heritier," nikasema, "nilimwona akiyakausha. Tangu mwezi wa nne. Nikajaribu jiwe langu peke yangu, likavunjika. Nilijua."

Kicheko kiliisha vipande vipande, wa mbele kwanza, halafu wa nyuma ambao hawakuwa wamesikia. Heritier alikuwa bado amenishika mabega.

"Siku naondoka, ulijua?"

"Nilijua."

Aliniachia. Alichukua sahani yake, akaitazama kama hajui ni ya nani, akaingia nayo ndani.

Marie-Jeanne alitoa samaki mmoja kwenye mafuta akamweka kwenye chujio. Hakupandisha sauti, wateja wa nyuma hawakumsikia. "Nilikuwa nimeisha kumaliza hii kitu, Loice. Ndugu yangu alikuwa anacheka. Unaifungua kwa ajili ya nani?"

Nilitaka kusema ni kwa ajili yake, asichekwe. Lilikuwa jibu zuri na nilikuwa nalo mdomoni. Lakini kifua changu kilikuwa chepesi kwa mara ya kwanza tangu Aprili, na nadhani wepesi huo aliuona usoni mwangu, kwa sababu hakungoja nijibu. Aligeuka akamuuliza mteja aliyefuata anataka samaki wa ukubwa gani.